Tundu la Upande wa Kushoto

Adelaide, 9 Februari 1976

Mpwa wangu Noelene,

Pokea salamu kutoka kwa mtu anayekibeba chuo kikuu hiki mgongoni. Usicheke. Jumatatu iliyopita Profesa Burdett alichelewa saa nzima na hakuna aliyegundua. Mimi nilichelewa dakika nne, tena kwa sababu ya tairi, nikakuta wasomi wanne na makoti yao meupe wamekwama ngazini, hawajui ufunguo wa nyumba ya wanyama uko wapi wala posamu wetu, wanyama hawa wa mitini wenye mfuko tumboni, wanakula nini asubuhi. Mmoja alikuwa ameshika karoti kama ameshika mwenge wa Olimpiki. Nikawaambia, "Pisheni, watoto wa watu." Wakapisha.

Sisi hatujambo. Anti yako Thelma analalamikia joto. Juzi siagi iliyeyuka mezani kabla hajapata kisu. Nyanya zangu mwaka huu ni kubwa kuliko kichwa cha mchungaji wetu, na mchungaji mwenyewe alizipima akakiri. Dada yangu Elva vipi, nyonga imeunga? Mwambie mimi ndiye niliyemkataza kupanda ngazi kusafisha mfereji wa paa katika umri ule.

Sasa kazi. Ulipokimbilia huko Januari uliniachia migongo kumi na minne ya posamu kwenye chupa. Wa mwisho nimemkata Ijumaa. Thelma aliniuliza hasa unatafuta nini, nikamweleza hivi: Noelene anampiga posamu sindano upande mmoja wa ubongo, na ndani ya sindano mna dawa iliyotengenezwa kwa mzizi ule mkali tunaoula na nyama ya ng'ombe. Dawa inateremka yenyewe ndani ya nyuzi za fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Baada ya siku mbili, seli za mgongoni zilizotuma nyuzi zile juu zinaonekana rangi ya kahawia. Hapo unajua nani anampelekea nani habari. Thelma tangu siku hiyo hali tena ule mzizi.

Nilichungulia kwenye hadubini yako bila ruhusa. Chini yote nyuzi zinavuka: seli zenye rangi ziko upande wa pili, sio ule uliopigwa sindano. Lakini kule juu shingoni, kundi lako lile dogo limebaki upande uleule, halikuvuka. Wote kumi na wanne. Umelipata, mpwa wangu, na mimi ndiye niliyelikata.

Mjomba wako,
Cleve Trezise


Broken Hill, 27 Februari 1976

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya nyanya kwenye bahasha, kwa hiyo hilo naliamini. Hapa vumbi jekundu limevuma siku tatu. Tunalichuja kwenye sukari. Mama anaendelea. Anakusalimu, na anasema ngazi ile uliiazima wewe mwaka juzi ukairudisha imepungua skurubu mbili.

Ahsante kwa kazi. Nilikaa nayo siku nzima nikifurahi, halafu posta ikaleta barua ya pili. Daktari Aubrey Pask wa Melbourne, unamjua jina, amesoma muhtasari wangu na kumwandikia Profesa. Anasema hakuna kundi lolote la shingoni lisilovuka. Anasema, na hapa nanukuu, "ni rahisi zaidi kuamini kwamba vipande vya shingo viligeuzwa na msaidizi, ambaye naambiwa zamani alikuwa na bucha."

Usirushe kikombe. Sikiliza kwanza. Vipande vyetu ni vyembamba kuliko karatasi na vinaelea majini. Kimoja kikijipindua, kushoto kwake kunakuwa kulia, na hakuna macho yanayoweza kujua. Ndiyo maana tunatoboa tundu la sindano upande wa kushoto wa kila mgongo kabla ya kukata, ili kila kipande kibebe alama. Tundu lipo, nimeliona. Lakini Pask anauliza: nani alilitoboa, na alijuaje kuwa ule ni upande wa kushoto?

Ni swali la haki, Mjomba. Ukishautoa uti kwenye mifupa ni kamba nyeupe tu. Ukigeuza kichwa kikawa mkia, umekwisha. Na mimi sikuwepo ulipotoboa. Ulikuwepo wewe peke yako.

Niandikie hatua kwa hatua ulivyofanya, ili niweke kwenye ukurasa wa mbinu. Mistari mitano inatosha.

Noelene


Adelaide, 14 Machi 1976

Mpwa wangu,

Hatujambo. Thelma ameshinda zawadi ya pili ya jamu ya aprikoti na amenuna kwa sababu ya wa kwanza. Mwambie Elva zile skurubu zilikuwa zimeliwa na kutu tangu vita.

Kikombe nilirusha. Kilikuwa cha chuo.

Kwa hiyo Pask haniamini kwa sababu nilikuwa na bucha. Mwambie kwamba kwenye maonyesho ya Moonta, mwaka wa arobaini na tisa, nilikata paja la nguruwe lililokaushwa mbele ya watu mia tatu. Nilikata vipande vyembamba mpaka jaji akaweka kimoja juu ya gazeti akasoma matokeo ya mbio za farasi kupitia nyama. Kipande cha pili kilichukuliwa na upepo. Mama mmoja wa Kadina alidhani ni kitambaa chake cha kichwa, akakifuata mpaka langoni. Mtu kama huyo ndiye atakayeshindwa na kamba ya mgongo wa posamu? Hiyo mashine yenu ya kukatia kwa barafu ilipokuja, fundi aliyeileta alinitazama nikifanya kazi akasema, "Bwana Trezise, afadhali nirudi nayo."

Na posamu wenyewe wananijua. Yule jike mzee, namba tatu, anafungua komeo mbili kwa mkia lakini ya tatu huiacha, kwa heshima yangu.

Kuhusu swali lako: huwa natoboa upande wa kushoto. Kushoto ni kushoto. Ukimuuliza mwashi ukuta uko wapi atakuonyesha kwa kidole, hatakuandikia mistari mitano.

Mjomba Cleve


Broken Hill, 2 Aprili 1976

Mjomba,

Mama anaendelea vizuri. Ameicheka habari ya kitambaa cha kichwa mpaka akakohoa. Anasema aliyekimbizana na nyama ile alikuwa mbwa.

Mimi sikucheka. Nilikuomba mistari mitano ukanipa kurasa nne, na swali langu umeliruka kama dimbwi. Ulifanya vivyo hivyo nilipokuuliza Desemba kwa mdomo. Ulisema maji yanachemka ukatoka.

Profesa ameamua. Pask atakuja Adelaide mwezi Juni. Atawapiga sindano posamu sita kwa mkono wake, kila mmoja upande atakaochagua, na upande huo atauandika kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Wewe hutakuwepo chumbani anapodunga. Utatoboa na kukata kama kawaida. Profesa atasoma vioo vyenye vipande vyako, atatamka sindano ilipigwa upande gani kwa kufuata tundu lako na zile seli za chini zinazovuka, ndipo bahasha itafunguliwa. Zikilingana zote sita, kundi la shingoni ni langu na tasnifu inakwenda mbele. Ikikosea hata moja, maana yake tundu lako haliaminiki, na miaka yangu miwili na nusu inatupwa pamoja na vioo vyote kumi na vinne. Nafasi yangu chuoni atapewa mwingine.

Shule ya sekondari ya hapa inataka mwalimu wa sayansi. Wanataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano Julai. Sijakataa.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya tatu, na si kwa ajili ya Pask. Unajuaje?

Noelene


Adelaide, 20 Aprili 1976

Noelene,

Hatujambo. Thelma anasalimu. Mvua imeanza.

Barua nimepata. Nina kazi nyingi.

C. Trezise


Broken Hill, 8 Juni 1976

Mjomba Cleve,

Wiki saba. Hujawahi kukaa wiki saba bila kujisifu. Nilimwandikia Anti Thelma nikidhani unaumwa. Kanijibu kwamba unakula nusu ya chakula na kila Jumapili unakwenda chuoni kukaa na wanyama. Basi najua una hofu, na unajua ninayo. Tuache kuigizana.

Mimi nina la kusema kwanza. Mama anatembea tangu katikati ya Machi. Hatumii hata fimbo. Jumamosi hucheza gofu ya wazee na hubishana na marefa. Nimekuwa nikikuandikia "anaendelea" kwa sababu ni kweli anaendelea, lakini sikusema kwamba mimi ndiye niliyebaki kitandani. Barua ya Pask ilipofika, nilitazama vioo vyote kumi na vinne akilini na sikuweza kuapa. Nikaona ni rahisi kuwa binti mwema mbali kuliko mwanasayansi mwongo karibu. Mama amenifukuza mara mbili. Jana kanisukumia sanduku sebuleni kwa mguu ule uliovunjika.

Lakini sitakuja wakati wa mtihani. Nikiwa nimesimama pale, watasema nilikukonyeza.

Pask anafika tarehe kumi na nne. Sitakuuliza tena unajuaje. Fanya tu kama ulivyofanya kwa wale kumi na wanne, kwa namna yoyote ile uliyofanya.

Mpwa wako,
Noelene


Adelaide, 3 Julai 1976

Mpwa wangu Noelene, binti wa dada yangu, mwenye kundi la shingoni,

Salamu kwako, salamu kwa Elva na mguu wake wa kusukumia masanduku, salamu kwa yeyote anayepita mbele ya dirisha lako. Thelma ameoka pasti za nyama kumi na mbili na mimi nimekula tano. Umeshinda. Nimesema kwanza ili usiruke mistari. Sasa kaa chini usome taratibu, maana hii nimeingojea wiki kumi.

Pask alikuja. Mrefu, amevaa tai ya kipepeo, anakunywa chai bila maziwa kama mtu anayeadhibiwa. Kila siku alimdunga posamu mmoja, saa nne asubuhi, mlango umefungwa. Mimi nilimlaza mnyama usingizi, nikamweka kifudifudi kwenye fremu ya kushikilia kichwa, kisha nikatoka nikakaa ukumbini na Profesa kama wanaume wawili wanaosubiri mke ajifungue. Akimaliza, nilikuwa naingia kumchukua mnyama, kufuta meza na kurudisha kiti mahali pake. Siku mbili baadaye tundu, kisha kukata. Sikumsemesha mtu. Sikupiga hadithi hata moja. Wasichana wa ofisini walikuja kuniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, tarehe thelathini, tukakutana chumbani kwa Profesa. Vioo upande huu, bahasha sita upande ule. Profesa akaweka jicho kwenye hadubini.

"Kwa tundu la Cleve, wa kwanza alipigwa sindano kulia. Na kundi la shingoni liko kulia, halikuvuka."

Pask akavunja lakiri. Kulia. Wa pili kushoto, bahasha kushoto. Wa tatu kushoto. Wa nne kulia. Nilikuwa nimeanza kusimama wima.

"Wa tano," akasema Profesa. Akatazama. Akabadilisha kioo, akatazama tena. "Kwa tundu la Cleve, kulia."

Pask akafungua, akasoma, akaiweka karatasi mezani taratibu, kwa adabu ya mtu aliyeshinda. Imeandikwa kushoto.

Profesa alivua miwani akaanza kuifuta na tai yake, na hakuwa akinitazama.

"Si kosa lako, Bwana Trezise," Pask akaniambia. "Hakuna aliyekufundisha. Mkono uliozoea kupima soseji haukuumbwa kwa kazi hii."

"Sikatai, Daktari," nikasema. "Soseji haina kushoto. Naomba kuuliza moja tu. Huyu wa tano ulipomdunga, ulikaa wapi?"

"Kwenye kiti, bila shaka. Ulidhani nilining'inia darini?"

"Kiti kilikuwa wapi?"

"Mezani, bwana. Hii inahusu nini?"

"Inahusu kiti. Mimi ndiye ninayekirudisha. Siku nne za kwanza nilikikuta upande wa mkia. Siku ya tano nilikikuta upande wa pua."

Profesa akavaa miwani.

"Ilikuwa siku pekee ya jua," nikaendelea. "Dirisha lile linatazama kaskazini, na mwezi wa Juni jua liko chini, saa nne linampiga mtu wa mkiani machoni. Mimi mwenyewe huweka gazeti. Wewe hukuwa na gazeti, ukahamisha kiti. Ukikaa mkiani, kushoto kwa posamu ni kushoto kwako. Ukikaa puani mnatazamana, na kushoto kwako ni kulia kwake. Uliandika mkono wako, Daktari. Hukuandika wake."

"Nimefanya upasuaji huu miaka ishirini," akasema Pask.

"Na miaka ishirini umekaa mkiani."

Profesa akacheka puani. Pask akawa mwekundu mpaka kwenye tai. "Haya ni maneno. Ushahidi uko wapi?"

Nikaenda chumba cha chupa. Unanijua, situpi kitu. Nikarudi na fuvu la namba tano, limesafishwa, na tundu lake la kekee juu ambalo sindano ilipita. Uti ni kamba, lakini fuvu lina pua, lina kisogo, lina juu na chini; haliwezi kumdanganya mtu. Nikampa mkononi.

Akalishika, akalitazama uso kwa uso, akasema, "Kushoto. Nilisema."

"Ligeuze, Aubrey," akasema Profesa polepole. "Pua iende mbele."

Akaligeuza. Tundu likahamia kulia. Akaendelea kulizungusha kwa muda, kama mtu anayetafuta tarehe kwenye kopo la maziwa. Kisha akakaa. Akachukua kalamu, akakata lile neno kushoto kwenye karatasi yake, akaandika kulia, akatia sahihi na saa. Nampa heshima yake kwa hilo.

Wa sita alilingana mwenyewe. Na kundi la shingoni lilikuwepo kwa wote sita, upande uleule wa sindano, halikuvuka hata kwa mmoja. Pask akalitazama kwenye hadubini dakika nyingi sana. Aliponyanyuka alisema, "Ni zuri. Ni zuri kweli. Anaitwa nani tena, huyu binti?"

Nikamtajia herufi kwa herufi.

Ameandika barua kwa Profesa mbele yetu kwamba ameridhika, na kwamba mkutano wa Agosti kule Hobart atasimama mwenyewe kukuunga mkono. Nafasi yako ipo. Profesa ameniagiza nikuambie treni ya Jumatatu. Waandikie watu wa shule kwa upole. Jioni ile watu wote wa nyumba ya wanyama walikwenda kula pai kwenye supu ya njegere, na Pask akala mbili, na wasomi wanne wakanifungulia mlango. Elva akiuliza, sema walikuwa wanane.

Sasa lile lako la mistari mitano.

Tukiwa tunakula, Pask aliniinamia akauliza, "Bwana Trezise, mtu kama mimi amekosea. Wewe hukosei vipi?" Nikamjibu, "Ni kipaji." Akainamisha kichwa kwa heshima. Profesa anasema ukurasa wa mbinu lazima uandikwe na wewe lazima uandike kweli, na baada ya barua yako ya Juni siwezi tena kujificha nyuma ya paja la nguruwe.

Huwa natoboa uti ungali ndani ya mifupa yake, mnyama kifudifudi, kichwa dirishani, mkia kwangu, mimi nimekaa mkiani. Naweka mikono yote miwili juu ya meza. Natazama. Natoboa. Halafu natazama tena, mara tatu.

Ninachotazama ni gumba. Mimi, Noelene, sijui kushoto na kulia. Sijawahi kujua. Mwalimu alinichapa kwa ajili hiyo Moonta, jeshini sajenti alinitoa kwenye gwaride akanipeleka jikoni, na Thelma akiniongoza garini husema "upande wangu" na "upande wako", miaka ishirini na sita. Kisha msumeno wa bucha ukanikata ncha ya gumba, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na upande. Palipo na gumba lisilo na kucha ndio kushoto, na hapo ndipo sindano yangu ya kutobolea inapoingia. Nilimshika Pask kwa sababu mtu asiyejua hulinda kiti, anayejua hukihamisha.

Andika utakavyo kwenye tasnifu, ila gumba nakuomba usiliandike. Na kwa kuwa umesema kweli tupu: siku za glavu huwa naivua moja kwanza. Nikikosea mkono, naivua na ya pili.

Mjomba wako,
Cleve